Hukumu Iliyotolewa Bila Kugeuza

Mliofuatilia onyesho lile la kutambua uyoga mliona palipoharibika: pale kwenye gogo la mwembe. Mtambuzi aliinama, akatazama miduara ya kahawia na kijivu juu ya kofia yenye umbo la pepeo, akatamka Trametes versicolor, akapita. Hakuugeuza ule uyoga, wala hakuugusa. Huo ulikuwa uamuzi mbaya kabisa, kwa sababu miduara ile haitambulishi uyoga wowote: Stereum ostrea inayo, Microporus inayo, na spishi nyingi za Trametes zinayo. Kinachozitenganisha kiko chini. Stereum ni laini, haina tundu hata moja. Trametes versicolor ina vitundu 3 hadi 5 kwa milimita, na jicho zima linaviona. Vya Microporus ni vidogo mno hata utaapa havipo, mpaka ushike lenzi ya mkono.

Watetezi wake watasema huenda jina lilikuwa sahihi. Huenda, lakini jina lililotolewa kwa rangi pekee halimpi mwenzako kitu cha kukagua. Watasema pia muda ulibana. Mbona ulitosha kwa Schizophyllum commune, iliyoonyeshwa barabara jinsi matamvua yake yalivyopasuka kwa urefu, na kwa uyoga wa mamama uliolazwa juu ya karatasi utoe spora? Njia aliijua. Kilichomponza ni kile ninachokilalamikia kila mara: kujifunzia picha za uyoga wa misitu ya Ulaya, zilizopigwa kutoka juu. Kule Trametes versicolor imejaa, hivyo anayebahatisha hupata mara nyingi. Kwenye magogo ya pwani yetu ina washindani wengi wanaofanana nayo, na bahati hiyo haipo.

Wakubwa wetu hawakufanya hivi. Mwaka 1932 E. J. H. Corner, akiwa Singapore, aliuchambua uzi kwa uzi uyoga tunaouita leo Microporus xanthopus, wenye miduara ileile, akabainisha nyuzi za aina tatu: zinazozaa, zinazousimamisha mwili na zinazoufunga pamoja. Ryvarden na Johansen, walipoandika juu ya uyoga wa vitundu wa Afrika Mashariki mwaka 1980, walishika njia hiyohiyo ya vitundu, nyuzi na spora. Sidai hadubini kando ya gogo. Nadai mkono ugeuze kofia, na kama haikugeuzwa, itamkwe wazi kwamba upande wa chini haujaonwa na jina libaki tupu.