Tahakiki ya Istilahi: 'Mteja', 'Ufunguo' na 'Akiba'

Istilahi hupimwa kazini. Iwapo fundi aisomaye hawezi kuitumia kutafuta hitilafu, istilahi hiyo haijatimiza lengo lake, hata kama imeundwa kwa kufuata kanuni zote za sarufi. Tuchukue sentensi ya namna hii: 'Mteja ameshindwa kuhifadhi baadhi ya funguo katika akiba.' Kisarufi haina kosa. Kimaana, nomino zake tatu zote zapotosha.

Kwa mtumishi wa serikali, 'mteja' ni mwananchi aliyefika kupata huduma. Hapa panazungumzwa programu ipelekayo maombi kwa seva. Basi na iitwe 'programu-ombi'. 'Ufunguo' waweza kubaki, mradi ieleweke kwamba kinachohifadhiwa ni data, na ufunguo ni jina la kuiitia tu.

Kosa kubwa limo katika 'akiba'. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini data izungumzwayo hapa ni nakala iliyowekwa karibu ili ipatikane upesi. Asili yake iko kwingine, na seva haikuahidi kuitunza. Msomaji aliyeambiwa 'akiba' ataona kila upotevu kuwa ni ubovu wa chombo, kumbe sababu ni mbalimbali.

Memcached, programu iliyobuniwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, yadhihirisha jambo hili. Kwanza, data yaweza kukataliwa. Katika itifaki yake ya maandishi, ufunguo hauruhusiwi kuzidi baiti 250 wala kuwa na nafasi ndani yake. Na data inayozidi megabaiti 1 haipokewi, isipokuwa kipimo hicho kimebadilishwa. Hapa mfasiri asichanganye 'baiti' na 'herufi'. Katika mfumo wa UTF-8, herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2. Hivyo ufunguo wa Kiswahili wenye herufi 130 za Kiarabu una baiti 260, nao hukataliwa, ilhali ule wa herufi 130 za Kilatini hupita.

Pili, data yaweza kupokewa kisha ikaondolewa, kumbukumbu ijaapo, ili kupisha data mpya. Tatu, yaweza kupitwa na wakati. Muda usiozidi siku 30, yaani sekunde 2,592,000, huhesabiwa kuanzia sasa. Ukizidi hapo huchukuliwa kuwa tarehe inayohesabiwa tangu mwanzo wa 1970. Aliyeandika sekunde za siku 31 ameitaja tarehe 1 Februari 1970. Seva hujibu kwamba imepokea, na data haionekani tena.

Dawa za hali hizo hazifanani: kufupisha ufunguo au kupunguza data, kuongeza kumbukumbu, kusahihisha muda. Mfasiri anayeandika 'kushindwa kuhifadhi' kwa zote amemnyima fundi njia ya kutambua. Hatuna budi kutenga 'kukataliwa', 'kuondolewa' na 'kuisha muda'.

Badala ya 'akiba' twapendekeza 'kibindo'. Kibindoni huwekwa kidogo cha kutumia upesi. Nafasi yake ni finyu, nacho chaweza kudondoka. Mwenye busara hategemei kibindo pekee: mali yenyewe huiacha nyumbani.