Murakami Anapopunguza Mwendo

Kitabu cha Haruki Murakami kuhusu kukimbia, What I Talk About When I Talk About Running, kina pengo ambalo wanaokisifia huwa wanalipita bila kulitaja. Kila sura inaanza na tarehe na mahali. Sura ya saba ni ya tarehe 30 Oktoba 2005, Cambridge, Massachusetts, wiki moja kabla ya New York City Marathon. Unafungua sura ya nane: tarehe 26 Agosti 2006, mji wa pwani huko Japani. Miezi karibu kumi imepita. Mbio tulizokuwa tukiandaliwa tangu sura ya kwanza zimeshakimbiwa sisi tukiwa hatupo.

Baadaye anatusimulia kwa ufupi kwamba siku ile hakupata alichokitarajia. Basi. Msomaji aliyekuwa anangoja umati, madaraja na jasho la Central Park anaweza kuona amedhulumiwa. Mimi naona hapo ndipo kitabu kilipopata nguvu yake, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza, kwa ambaye hajakisoma. Kilitoka kwa Kijapani mwaka 2007, na tafsiri ya Kiingereza ya Philip Gabriel ikafuata mwaka 2008. Jina lake limetoholewa kutoka kwa Raymond Carver, ambaye Murakami mwenyewe alimtafsiri kwa Kijapani. Murakami alianza kukimbia mwaka 1982, akiwa na miaka 33, baada ya kuachana na baa ya muziki wa jazi aliyokuwa akiiendesha Tokyo na kuamua kuishi kwa kalamu. Mwaka uliofuata akakimbia peke yake kutoka Athens hadi Marathon, njia ya hadithi ile ya kale lakini kinyumenyume. Mwaka 1996 akamaliza kilomita 100 kando ya Ziwa Saroma, Hokkaido. Kitabu kinamkuta ana miaka 56, mwili umeanza kumwekea masharti, naye anajiandaa kwa New York.

Agosti yuko Hawaii, anakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa mwezi. Oktoba yuko Cambridge, pembeni ya Mto Charles, wasichana wa Harvard wanampita nywele zikirukaruka mgongoni, na yeye ameanza kupunguza. Hapa ndipo ninapotaka tusimame.

Wakimbiaji wanazijua wiki hizi. Mbili au tatu kabla ya marathoni, kocha anakukata kilomita. Kasi inabaki kidogo, umbali unashuka, wakati mwingine hadi nusu. Sababu inaeleweka: misuli iliyochanika kidogo kidogo kwa miezi inapata nafasi ya kujiunga, na akiba ya wanga mwilini inajaa tena. Siha uliyonayo ndiyo hiyo, huwezi kuiongeza tena. Unachoweza ni kuiharibu tu. Kwenye karatasi ni likizo. Nakwambia, si likizo. Naandika haya nikiwa ndani ya wiki hizo mwenyewe, Moshi ikiwa inanisubiri, na kila asubuhi nikiamka saa kumi na moja kwa mazoea mwili unauliza: leo hatuendi? Kifundo cha mguu ambacho hakijawahi kulalamika kwa miezi minne ya jua la Dar sasa kinalalamika nikiwa nimekaa dawatini. Kikohozi cha mwenzako ofisini kinageuka habari nzito kuliko habari unayoiandika. Murakami naye, katika sura ile ya saba, goti linaanza kumpa wasiwasi. Ndiyo kazi ya wiki hizi. Hakuna kinachotokea, na wewe unakisikiliza.

Sasa jiulize kama mwandishi: utaandikaje kipindi ambacho hakuna kinachotokea? Riwaya inataka tukio. Habari ya michezo inataka mshindi. Siku za kutokimbia hazina hata kimoja. Wengi wangezivuka kwa sentensi moja, "baada ya maandalizi makali," kisha wangetupeleka kwenye mstari wa kuanzia. Murakami amefanya kinyume: amekaa kwenye maandalizi na kuzivuka mbio.

Nadhani jibu la kwa nini lipo mapema sana kitabuni, pale anapoeleza jinsi anavyoandika riwaya. Kila siku, anasema, anaweka kalamu chini pale anapohisi bado angeweza kuendelea, na anamtaja Hemingway kama mwenzake katika tabia hiyo. Ukiacha kisima kikiwa na maji, kesho utachota bila kuhangaika. Hiyo si ndiyo kanuni ya wiki za kupunguza? Kuacha wakati bado unaweza. Mkimbiaji anayeingia wiki hizi analazimishwa kujifunza kitu ambacho mwandishi mzuri analazimika kukijua: nguvu haionekani kwenye ulichokimwaga tu, inaonekana pia kwenye ulichokibakiza. Hivyo kitabu kinapoacha kuandika wiki moja kabla ya mbio, hakijatoroka. Kimefanya kile kile kilichokuwa kikikihubiri.

Kuna sehemu nyingine ninayoipenda, anapoilinganisha misuli na wanyama wa kazi. Ukiwapandishia mzigo polepole wanauzoea na hawagomi. Ukiwapumzisha mno wanadhani kazi imekwisha na wanasahau. Msomaji wa Lamu au wa Dodoma hahitaji maelezo hapo, punda anamjua. Lakini uzuri wa mfano huo uko kwenye kile unachokibeba kimyakimya: mwenye punda haamini kabisa kwamba punda ameelewa. Anamwangalia tu, anasubiri asubuhi. Hofu yote ya wiki hizi imo humo.

Lakini sitamwachia Murakami kila kitu. Kitabu chake kina upweke wa raha. Anakimbia kwa kuwa amechagua, analala Hawaii, anaamkia Cambridge, na mbio zikiharibika anarudi mezani kwake kuandika. Hilo si kosa lake, na ni mkweli nalo; anasema wazi kwamba hashindani na mtu. Ila siku ile ile aliyokuwa New York, tarehe 6 Novemba 2005, mbele kabisa ya kundi kulikuwa na Paul Tergat wa Kenya na Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini. Baada ya kilomita 42 walifika utepeni karibu pamoja. Tergat akashinda kwa chini ya sekunde moja, Ramaala akaanguka akiukimbilia mstari. Barabara ileile, asubuhi ileile, mzee mmoja anajipima na umri wake na vijana wawili wanapimana kwa riziki. Wiki za kupunguza za hao wawili zilikuwaje? Kwa mtu ambaye mbio ndiyo ajira, kupumzika siku moja zaidi au pungufu si falsafa. Ni ada ya shule ya mtu.

Hapo ndipo kitabu kinapotugeukia sisi. Juma Ikangaa, Boston 1988, alishindwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde 1, kisha mwaka 1989 akashinda New York kwa 2:08:01. Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025, aliandikiwa muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, 2:09:48, ikabidi mashine ya picha iamue kwamba dhahabu inakuja Tanzania. Zaidi ya mara moja ndani ya miaka isiyofika arobaini, mtu wa kwetu na unywele mmoja wa muda. Na John Stephen Akhwari, Mexico City 1968, tunamkumbuka wote kwa goti lililofungwa bendeji na kwa kuingia uwanjani wa mwisho. Tunayo midomo ya mistari ya kumalizia mingi kweli. Tunazo picha, tunazo hotuba, mapokezi ya uwanja wa ndege, maua shingoni.

Tusichokuwa nacho ni sura ya saba. Kwenye rafu ya vitabu vya Kiswahili sijakutana na hata kimoja kinachokaa na mkimbiaji wetu kwa subira katika zile wiki tatu: anakula nini, analala na nani akilini, anaogopa nini anapoambiwa leo usikimbie. Vyumba vya habari vimejengwa kungoja utepe ukatike, na najua hilo kwa kuwa nafanya kazi humo. Lakini fasihi haina deni kwa utepe. Mwandishi wetu mmoja angeweza kukaa Arusha au Iten mwezi mmoja kabla ya mbio, akaandika kila siku, na akaondoka wiki moja kabla ya bastola kulia. Ningekinunua kitabu hicho hata nikiwa sijui nani alishinda.

Kwa sasa tunaye Murakami, na kwa mkimbiaji aliye nyumbani akiitazama raba mlangoni anatosha kabisa. Msome sura ya saba, halafu ukifika mwisho wake usiigeukie ya nane haraka. Funga kitabu, kaa siku mbili tatu. Sentensi zake ni fupi, hazina papara, na utaona zinavyoendelea kufanya kazi ukiwa umelala.