Karakana ya Sikio

Mhubiri tumempa kila kitu. Tumempa mimbari, kipaza sauti, chuo cha theolojia na saa nzima ya redio, na akimaliza tunamsifu kwamba leo ameshusha neno. Msikilizaji hatukumpa hata benchi la kujifunzia. Tunachukulia kwamba kusikia ni maumbile: mwenye masikio atasikia, na akishasikia, kilichobaki ni moyo wake kukubali au kukataa. Dhana hiyo naipinga. Kulisikia neno la Mungu na kulitii katika shughuli za kila siku ni ufundi, tena ufundi mgumu, wenye walimu wake, zana zake na miaka yake ya uanagenzi. Na hatua zake zinakwenda kinyume cha tunavyodhani. Tunadhani mtu husikia kwanza, kisha hutii. Mafundi wa kazi hii wanashuhudia kwamba kulitii dogo lililo wazi ndiko kunakolinoa sikio hata likaweza kulisikia kubwa lililofichika.

Itazame habari ya Samweli kule Shilo. Mtoto amelala hekaluni, anaitwa usiku, anaamka na kumkimbilia mzee Eli. Anaambiwa rudi ukalale. Anaitwa mara ya pili, anakimbia tena. Mara ya tatu, vilevile. Kitabu kinasema waziwazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana, kwa hiyo sikio lake halikuwa na uwezo wa kuitambua sauti. Alichokuwa nacho ni miguu iliyozoea kuamka. Mtoto mwingine angeitwa mara ya pili akajifunika shuka, na habari ingeishia hapo. Upande wa pili yuko Eli, ambaye macho yamefifia lakini elimu ya kusikia anayo: ndiye anayeng'amua ni nani anaita, ndiye anayemfundisha kijana namna ya kujibu. Ila Eli huyohuyo alikuwa ameonywa juu ya wanawe waliokuwa wakipora sadaka, naye hakuwazuia. Alijua kusikia, hakutenda alichosikia, na neno likampita likaenda kwa yule aliyekuwa akiamka. Sioni namna ya kuisoma habari hii inayoweza kulikwepa hilo.

Aliyeuandika ufundi huu kwa utaratibu kuliko mwingine yeyote ninayemjua ni Benedikto wa Nursia, aliyezaliwa Italia yapata mwaka 480, wakati dola ya Roma ya Magharibi ilikuwa imekwisha kuanguka. Kwa ajili ya wamonaki wake aliandika Kanuni fupi ya sura 73, ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa jioni moja. Inaanza kwa kumtaka msomaji asikilize, na katika sura ya nne Benedikto anataja zana za kazi, zaidi ya sabini: kumpenda Mungu, kuwalisha maskini, kuzika wafu, kutotunza hasira, kutokuwa mlafi, kupatana na mliyegombana kabla jua halijatua. Kisha anasema karakana yenyewe ni nyumba ya wamonaki na kudumu ndani yake. Maneno hayo yanastahili kuchukuliwa kama yalivyo. Zana hushikwa kwa mkono kila siku. Zisiposhikwa hupata kutu. Na mwanagenzi hafanywi fundi kwa kuzipenda zana zikiwa ukutani.

Mazoezi yenyewe ni ya vitu vidogo kiasi kwamba mtu mwenye kiu ya maono angeona anapotezewa wakati. Ishara ya sala ikisikika, mmonaki aache alichoshika, hata kama hakijaisha. Mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba, sufuria na majembe, kana kwamba ni vyombo vya altareni. Kila mtu apokee zamu ya jikoni, na anayemaliza zamu Jumamosi afue vitambaa ambavyo wenzake hufutia mikono na miguu, kisha yeye pamoja na anayeingia zamu wawaoshe wote miguu. Mafundi wakiuza kazi za mikono yao, bei iwe chini kidogo ya bei ya wengine, ili tamaa isipate mlango. Wakati wa kula mmoja asome, wengine wanyamaze. Kila siku ina saa za kazi ya mikono na saa za kusoma, na Kwaresima kila mmoja hupewa kitabu akisome chote tangu mwanzo, bila kurukaruka. Hilo la mwisho naliona ni la hekima kubwa, maana anayerukaruka huokota mistari inayomuunga mkono tu, na asiyerukaruka hukutana na ile inayomkemea. Lakini lililo zito kuliko yote ni kuacha kazi katikati. Mtu aliyezoea kuweka chini kalamu neno likiwa nusu, kwa sababu tu ameitwa, anajifunza kwa mwili wake kwamba mipango yake si ya mwisho. Siku atakapoitwa kuacha kitu kikubwa, heshima au mali au chuki ya miaka, mkono wake utakuwa unaijua njia.

Kanuni hii haikubaki Italia. Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na mahali pote pawili kanisa, hospitali, mitambo ya uchapaji na karakana za mafundi vilikua pamoja. Walikuja chini ya kivuli cha dola ya Wajerumani, na kivuli hicho hakiwezi kufutwa kwa sifa. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Peramiho ilichomwa moto. Hata hivyo wazo la kwamba randa na kitabu cha zaburi ni vya siku moja liliota mizizi, na leo wako wamonaki wengi Waafrika wanaoishi kwa kengele ileile. Wala si Wakristo peke yao wanaojua kwamba neno hujifunzwa kwa nidhamu ya mwili. Mtoto wa pwani aliyeketi chuoni mbele ya mwalimu wake wa Kurani, akakatizwa na kurudishwa kwenye herufi ileile mpaka ulimi unyooke, amefundishwa kusikia kabla ya kufundishwa kusema.

Mtu atasema: hayo ni ya watu wasio na watoto wa kulisha wala kodi ya nyumba. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua mboga sokoni hana abate wa kumwongoza wala maktaba. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi wenye uzito zaidi kwangu hautoki kwenye nyumba za wamonaki. Mwaka 1929 Simeon Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukazuka Gahini na kusambaa Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Waliouchukua walikuwa wauguzi, walimu, wakulima, wanawake wa nyumbani. Alama yao haikuwa ndoto. Walirudisha vitu: shuka za hospitali, zana za mwajiri, ng'ombe wa jirani, fedha zilizochukuliwa miaka mingi nyuma na mwenyewe keshasahau. Mume alikiri mbele ya mkewe, mmishonari mbele ya Mwafrika, jambo ambalo katika ukoloni lilikuwa geni mno. Hao nao walikuwa na karakana yao: mkutano wa wiki wa ndugu, ambamo mtu alisema lililo kweli juu ya mwenendo wake na wenzake wakampima.

Matokeo ya mazoezi hayo yalionekana baadaye. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na kuna waliouawa kwa ajili hiyo. Tena baadhi yao walikataa vilevile kushika bunduki upande wa serikali, wakachukiwa na pande zote mbili. Mtu anaweza kubishana nao juu ya siasa, na mapambano ya ardhi yalikuwa na haki yake. Lakini hawezi kusema walifuata upepo. Na Janani Luwum, mwalimu aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda wakati yeye na maaskofu wenzake walipomwandikia mtawala wa nchi hiyo, Idi Amin, kulaani mauaji. Aliuawa Februari 1977. Anayeusoma mwisho huo peke yake ataona ujasiri wa ghafla. Anayeusoma pamoja na miaka karibu thelathini ya kukiri mambo madogo mbele ya ndugu ataona mkono uliozoea zana.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Methali yetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, waliosikia la mkuu ndio waliokufa. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa pale miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawakutanisha na Yesu, na watoto walikuwamo. Baada ya hapo, nani athubutu kusifu utii? Nathubutu, kwa sababu kilichokosekana kule ni ufundi. Benedikto, ambaye alidai utii kuliko walimu wengi, aliandika kwa mkono wake kwamba mezani pawe na vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na kwamba kila mtu apate ratili nzima ya mkate kwa siku. Wazee na watoto wasibanwe na makali ya kanuni, wale kabla ya saa. Wagonjwa wahudumiwe kuliko jambo jingine lolote. Likija jambo zito, abate awaite wote, maana mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Mmonaki akipewa amri isiyowezekana, aeleze kwa utulivu kwa nini hawezi. Kweli, abate ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, lakini anakumbushwa tena na tena kwamba atatoa hesabu ya kila nafsi. Na katika Matendo ya Mitume wanasifiwa watu wa Beroya, waliompokea Paulo kwa moyo kisha wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama asemayo ndivyo yalivyo. Mwalimu anayekataza kuulizwa amekwisha kujitenga na kazi hii, hata akitaja jina la Mungu kutwa kucha.

Kuhusu Rwanda sina jibu jepesi. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kanisani Nyamata na Ntarama waliokimbilia hifadhi waliuawa humohumo. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao, lakini hawakutosha kuzuia. Ninachoweza kusema ni kwamba ufundi unaofanyiwa mazoezi upande mmoja hubaki dhaifu upande mwingine. Palikuwa na mazoea ya kukiri pombe, uzinzi na wizi. Kukiri dharau ya Mhutu kwa Mtutsi na ya Mtutsi kwa Mhutu, wazi na mapema, kabla redio haijaanza kuichochea, hakukufanywa mazoezi ya kila wiki kwa watu wengi kiasi cha kutosha. Sikio lilinolewa kwa dhambi za chumbani likaachwa butu kwa dhambi za taifa. Hili halimtoi mtu lawamani. Linatufunza tu kuuliza, katika kanisa letu la leo, ni zana zipi zilizobaki ukutani bila kuguswa: kabila, ardhi, kura, rushwa.

Yuko pia anayesikiliza kwa uaminifu na kuona kimya tu. Ameomba juu ya kazi, juu ya ndoa, juu ya safari. Amefunga, amekesha, hakuna jibu. Simlaumu, na wala sidhani kila kimya ni adhabu. Ila naona watu wengi wa namna hii wakizunguka kutoka mkesha hadi mkesha kutafuta neno jipya, huku neno la zamani likiwa bado limelala mlangoni. Kumbukumbu la Torati limeamuru kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake umeuelekea. Amri hiyo haihitaji nabii wa kuifasiri. Dada wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi miwili umesogezwa mbele, fundi aliyejenga uzio na kuambiwa arudi Ijumaa, mpagazi aliyepunjwa mia tano kwa sababu hakuna wa kumtetea: hao wote wanajulikana kwa majina na namba zao za simu zimo mkononi. Anayetaka kuanza uanagenzi anaweza kuanza na mmoja wao jioni hii, hata kama juu ya safari bado hajajibiwa.