Tazama Wakala Anakula Wapi

Barua ya wakala wa waandishi ilijaa sifa. Riwaya yangu eti ni “safari isiyosahaulika”. Nikaisoma mara mbili nikitafuta jina la mhusika mmoja tu, au ile meli ya angani inayokwama karibu na Zohali tangu sura ya kwanza. Hola. Aya ya mwisho ndiyo iliyosema kweli: dola 350 za kusomewa muswada. Mtu hajausoma, ameshausifu, sasa anataka alipwe ili ausome!

Huku kwetu tumezoea kumpelekea mchapishaji muswada wenyewe, ndiyo maana biashara ya wakala inatupiga chenga. Wakala wa kweli, awe wa New York au London, hali kabla yako. Akiuza kitabu, mchapishaji hulipa, yeye hukata asilimia 15, kinachobaki ni chako. Kwa haki za tafsiri aghalabu ni 20, maana nchi ya pili kuna wakala mwenzake wa kugawana naye. Asipouza, nyote mnatoka kapa. Anayetoza ada ya kusoma, au anayekusukuma kwa mhariri “wake” wa kulipia, ameshapata riziki kwako. Ya nini tena kumbishia hodi mchapishaji? Waandishi wa riwaya za kisayansi walishtuka mapema: mwaka 1998 A. C. Crispin na Victoria Strauss walianzisha Writer Beware, chini ya chama chao cha SFWA, kuwafuatilia matapeli hao. Siku hizi wapo hata wanaovaa majina ya mawakala halali, basi anwani ya baruapepe ikague herufi kwa herufi.

Ila kutotoza si ustadi. Yupo mwaminifu asiyejua soko, na huyo atakuozeshea muswada kwa upole. Mimi huanzia nyuma ya vitabu. Chukua riwaya tano za kisayansi zilizotoka karibuni, zinazofanana na yako, ufungue ukurasa wa shukrani. Waandishi wengi humtaja wakala wao humo kwa jina. Ukimpata wa kuzungumza naye, muulize ameuza nini na kwa nani. Akikuambia ataupeleka “kwa wachapishaji wakubwa”, muulize ni mhariri yupi wa Tor, yupi wa Orbit, na kwa nini yule na si huyu. Mjuzi hujibu bila kupapasa.

Mkataba nao uanze kuusoma mwishoni: mnaachanaje? Kamisheni ya kitabu alichokiuza itaendelea kumfikia, hiyo ni haki yake. Lakini kifungu kinachomgandisha kwenye kitabu kwa uhai wote wa hakimiliki, hata kikiuzwa upya na mwingine bila yeye kunyanyua simu, kikatae.

Barua bora niliyowahi kupata kwa wakala ilikuwa ya mistari minne, na ilikuwa ya kunikataa. Alisema sura za katikati zinalegea. Kisha akauliza: injini zimezimwa, meli inaelea, hakuna uzito; imekuwaje nahodha anamimina chai kikombeni, tena inatulia?

Sikuwa na jibu. Nikafuta birika, nahodha akanywa kwa mrija.