Dhabihu za Waebrania: Kulipa au Kukaribia?

Katika madarasa ya katekisimu imezoeleka kufundisha habari za dhabihu za Waebrania kwa njia hii: mtu amekosa, Mungu amekasirika, mnyama auawa mahali pa mtu, na hasira yatulia; na hivyo ndivyo alivyokufa Kristo. Mafundisho hayo ni mepesi kukumbukwa. Lakini Kitabu cha Mambo ya Walawi hakisemi hivyo, na mwanafunzi ayashikaye atapata taabu kuufahamu Waraka kwa Waebrania.

Kwanza tutazame maneno. Jina la jumla la matoleo hayo kwa Kiebrania ni korban, nalo limebaki katika Marko 7:11. Shina lake maana yake ni kukaribia, tena ni ndugu wa shina la Kiarabu lililotupa neno letu "karibu". Basi toleo, kwa jina lake, ni kitu kiletwacho karibu. Katika Biblia ya mwaka 1952 twasoma "sadaka" mahali pengi. Ni neno jema, ila masikioni mwa watu wa pwani sadaka ni kwanza kitu apewacho maskini. "Kafara" nayo ina undugu na neno la Kiebrania la kufanya upatanisho. Lakini kwa desturi ya pwani kafara ni kitu kitolewacho ili kuondoa balaa, na pengine huachwa njia panda. "Dhabihu" ni neno la kuchinja, na nduguye wa Kiebrania ni zebah. Hata hivyo zebah hasa ni toleo liliwalo: mafuta yaliteketezwa madhabahuni, kidari na paja la kuume vilikuwa fungu la makuhani, na nyama iliyosalia aliila mletaji pamoja na jamaa zake. Neno tulidhanilo kuwa la mauti tu, kwao lilikuwa pia neno la karamu.

Pili, tutazame desturi zenyewe. Ng'ombe wa kuteketezwa alichinjwa na mletaji mwenyewe; kazi ya kuhani ilianzia katika damu (Walawi 1:5). Basi kuua hakukuwa kilele cha ibada. Damu ni uhai, na Walawi 17:11 yasema ya kuwa Mungu ndiye aliyewapa watu damu hiyo kwa upatanisho; hawakumpa wao kwanza. Tena maskini asiyeweza kupata hata hua wawili aliruhusiwa kuleta sehemu ya kumi ya efa ya unga, naye akasamehewa (5:11-13). Mwandishi wa Waebrania aliyajua hayo. Ni kweli asema katika 9:22 kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo; lakini katika aya iyo hiyo ametangulia kutia neno "karibu": si vyote, bali karibu vyote, husafishwa kwa damu.

Katika Siku ya Upatanisho walikuwapo mbuzi wawili. Yule aliyewekewa dhambi za watu kichwani hakuchinjwa, bali alipelekwa hai jangwani kwa Azazeli. Aliyechinjwa ni yule wa pili, na damu yake ilipatakasa patakatifu (16:16). Jacob Milgrom, mtaalamu wa Kiyahudi, alilikaza jambo hili katika ufafanuzi wake wa mwaka 1991: toleo tuliitalo la dhambi ni toleo la kutakasa. Si wataalamu wote wakubalio kila hoja yake, ila aya zenyewe zamsaidia.

Hatusemi ya kuwa wazo la mmoja kuchukua mahali pa wengi halimo katika Maandiko. Limo katika Isaya 53, na sura hiyo hutumia jina la toleo la hatia. Lakini wazo la deni la heshima lipasalo kulipwa kwa Mungu lilipata nguvu kwa kitabu alichokimaliza Anselm mwaka 1098, si kwa Walawi. Tusimtie Musa kinywani maneno ya Anselm.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mtoto afundishwaye ya kuwa Mungu hakutaka kusamehe mpaka aione damu, hujifunza kumwogopa Baba na kumkimbilia Mwana, kana kwamba hawa wawili wana nia mbili. Waraka kwa Waebrania wamwonyesha Kristo akiingia patakatifu kwa damu yake mwenyewe ili sisi nasi tukaribie (10:19-22). Kisha wazitaja sifa, kutenda mema na kushirikiana kuwa ni dhabihu zimpendezazo Mungu (13:15-16). Basi mwalimu afikapo somo hili, na asianze kwa kuuliza ni nani aliyeuawa. Na aulize kwanza ni nani aliyetoa, kisha ni nani aliyekaribishwa.