Kuitazama Reservoir Dogs Mara ya Pili

Mara ya kwanza tuliiruka. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha hosteli, kompyuta juu ya kitanda, umeme umekatika na betri inaelekea kuisha. Filamu inafunguka kwa wanaume wanane waliokaa mezani mgahawani. Wanakunywa kahawa, wanabishana juu ya maana ya wimbo mmoja wa Madonna, kisha wanabishana iwapo ni lazima kumwachia mhudumu bakshishi. Hakuna bastola, hakuna gari linalokimbizwa. Mmoja wetu akasema, "Hawa wanapiga soga tu," akabonyeza kitufe mpaka tukafika penye damu. Ilipokwisha tulikubaliana kwamba ni filamu ya wanaume wanaopigiana kelele ghalani, na kwamba kuitazama mara moja kunatosha.

Siku hizi siamini kwamba mara moja inatosha. Naamini filamu hii itazamwe mara mbili au isitazamwe kabisa, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwa asiyeijua, Reservoir Dogs ilitoka mwaka 1992, na ndiyo iliyomtambulisha Quentin Tarantino, aliyeiandika, akaiongoza na kuigiza ndani yake. Ina dakika 99. Mzee wa uhalifu aitwaye Joe Cabot na mwanawe Eddie wanawakusanya majambazi sita waibe almasi. Ili wasijuane, kila mmoja anapewa jina la rangi: Bwana White, Bwana Orange, Bwana Pink, Bwana Blonde, Bwana Blue na Bwana Brown. Wizi wenyewe hatuuoni hata kidogo. Tunaona yaliyoutangulia na yaliyoufuata, na yaliyoufuata hutokea karibu yote katika ghala moja, ambamo waliosalia wanaulizana nani aliwauza kwa polisi. Imekaa kama tamthilia ya jukwaani: watu wanaingia mmoja mmoja, na kila anayeingia analeta habari. Nitafichua yote, pamoja na mwisho. Hoja yangu haiwezekani bila hivyo.

Onyesho linalokumbukwa na kila mtu ni moja. Bwana Blonde amemteka askari kijana, Marvin Nash, na amefungwa kwenye kiti. Wenzake wanapoondoka, Blonde anabaki naye. Upande wa pili yupo Bwana Orange, aliyepigwa risasi tumboni, amelala kwenye damu yake kama maiti. Blonde anafungua redio, anachomoa wembe ndani ya buti, anaanza kucheza. Anamchanja askari uso, kisha anamkata sikio. Wakati wa kukata sikio kamera inageuka pembeni na kutazama ukuta, tukabaki na sauti tu. Halafu Blonde anatoka nje kuchukua petroli garini, na kamera inamfuata. Muziki unapotea. Nje ni mchana kweupe, mtaa umetulia, hakuna anayejua lolote. Anarudi ndani, na muziki nao unarudi.

Mwenzangu wa chumbani hakufika huko. Wembe ulipotoka, alisimama akaenda zake nje. Yeye anatoka kaskazini mwa Uganda, ambako wakati wa vita vya LRA watu walikatwa masikio, pua na midomo, na baadhi yao wangali hai, wanakwenda sokoni na kanisani kama watu wengine. Hakutuhutubia. Alirudi filamu ilipokwisha, akauliza kama umeme umerudi. Sisi tuliobaki tulikuwa bado tunacheka jinsi Blonde anavyocheza, na mmoja wetu alishaanza kumwiga. Nikikumbuka usiku ule naona aibu kidogo, lakini naona pia kwamba filamu ilitusaidia kufika hapo. Anayeitazama mara moja anaondoka na ile ngoma. Wimbo ni mtamu, mchezaji ana madaha, na aliyefungwa kitini amezibwa mdomo kwa gundi ya karatasi. Ungemtazama nani?

Muhula uliofuata tulipewa kazi ya kuchunguza usemezano katika kazi yoyote ya maigizo. Nikairudia, safari hii peke yangu na tangu dakika ya kwanza.

Pale mezani, Joe anarudi baada ya kulipa, anaziangalia pesa za bakshishi, anauliza nani hakutoa. Bwana Orange anajibu papo hapo kwamba ni Bwana Pink. Ni jambo dogo sana, na wenzake wanaendelea na utani. Lakini baadaye tunakuja kujua kwamba Orange ni askari kanzu aliyepenyezwa katika kundi hilo. Yaani mtoa habari ametoa habari mbele yetu, kabla hata majina ya waigizaji hayajapita kwenye skrini, na sisi tulikuwa tumebonyeza kitufe. Kwa watoto wa mjini kama mimi, tuliokulia vibandani tukisikiliza VJ akitafsiri filamu za kupigana kwa Luganda na kuongeza chumvi yake, soga ya wahusika ilikuwa kitu cha kufunikwa. Nilijifunza kwa kuchelewa kwamba kuna filamu ambazo soga ndiyo msuko.

Kisha nikafika kwa Marvin. Blonde ameshammwagia petroli na ameshawasha kiberiti, ndipo Orange anapofyatua risasi kutoka pale alipolala na kumuua Blonde. Orange anamwambia Marvin kwamba yeye ni askari. Marvin anajibu kwamba anajua. Waliwahi kutambulishwa miezi kama mitano iliyopita. Orange hamkumbuki kabisa. Marvin anamkumbuka.

Majibizano haya yanachukua muda mfupi tu, na mara ya kwanza yalinipita. Mara ya pili yaligeuza kila nilichokuwa nimekiona nyuma yake. Wakati majambazi wanampiga wakitaka jina la msaliti, wakati Blonde yuko mbele yake, Marvin anashikilia kwamba hajui chochote, kwamba ana miezi minane tu kazini na hakuna anayemwambia kitu. Nilimwamini. Nilimwona kama kondoo tu, mtu aliyeingizwa kwenye hadithi ili akatwe. Kumbe jina waliloulizia lilikuwa limelala sakafuni, hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Alilijua, na hakulitaja. Blonde mwenyewe alimwambia wazi kwamba hajali anachokijua, atamtesa tu kwa raha zake. Kwa hiyo hakuna aliyemwahidi Marvin kitu kwa kunyamaza, wala hakukuwa na shahidi wa kuja kumsifu.

Kuanzia hapo sikuweza tena kuitazama ngoma ya Blonde. Macho yalikwenda kwenye kiti. Onyesho ni lile lile, sekunde zile zile, wimbo ule ule, lakini mwenye onyesho amebadilika.

Katika darasa la tamthilia huwa tunaambiwa kwamba watazamaji wa Athene walikuwa wanaijua hadithi ya Mfalme Edipode kabla hawajaketi, na kwamba Sophocles alitegemea ujuzi huo. Sisi tulioisoma kwa tafsiri ya Samuel Mushi tuliingia tukiwa hatujui, kwa hiyo usomaji wa kwanza ulikuwa wa taharuki na wa pili ndio uliokuwa wa kinaya. Macho ya Edipode nayo hayatobolewi mbele yetu. Mtu anakuja kutusimulia. Sisemi kwamba Tarantino ni Sophocles. Nasema kamera iliyogeuka ukutani inamwachia mtazamaji kazi ile ile, na kazi hiyo haifanyiki sawasawa mpaka ujue nani anajua nini.

Lipo jambo jingine, nalo lilinikosesha usingizi kuliko damu. Bwana Blonde naye ni mtu wa kunyamaza. Kabla ya wizi huu alikaa gerezani miaka minne, na angeweza kutoka mapema kwa kumtaja Joe Cabot. Hakumtaja. Ndiyo maana Eddie anakataa katakata uongo wa Orange kwamba Blonde alitaka kuwageuka. Basi ghalani mle mna wanaume wawili waliotunza siri ya mwingine kwa gharama kubwa, na mmoja ndiye anayemkata mwenzake. Bwana White, tunayempenda kwa upole wake kwa Orange, ndiye aliyeshindwa: alimtajia Orange jina lake la kwanza, kwa huruma tu, kwa sababu kijana alikuwa anakufa na aliuliza. Katika filamu yenye maneno mengi kiasi hiki, kila mtu anapimwa kwa neno moja alilolisema au alilolizuia.

Sehemu ya mafunzo ya Orange nayo ilinifurahisha kama mwanafunzi wa fasihi simulizi. Mkuu wake, Holdaway, anampa hadithi ya uongo ya kujifunza: alikuwa na mfuko wa bangi, akaingia choo cha stesheni, akakuta askari wanne na mbwa. Anamwambia asikariri maneno, ashike vitu: sabuni ilikuwa ya aina gani, mikono ilikaushwa kwa karatasi au kwa mashine, vyoo vilikuwa na milango au la. Tunamwona Orange akiisimulia peke yake nyumbani, kisha nje mbele ya Holdaway, kisha kwa majambazi baa, na mwishoni tunamwona amesimama ndani ya choo chenyewe akiendelea kusimulia, mbwa anambwekea. Sijasoma maelezo bora zaidi ya jinsi fanani anavyomiliki hadithi.

Mara ya tatu, hata hivyo, ilinipunguzia mapenzi. Soga ya Madonna ilinichosha. Katika gari, Eddie na wenzake wanawajadili wanawake weusi kwa maneno ambayo mara ya kwanza niliyaacha yapite kwa kuwa kila mtu anatukanwa. Mara ya tatu nilisikia kwamba hatukanwi kila mtu sawasawa. Wanawake wenyewe hawapo. Yule anayempiga Orange risasi, ambaye bila yeye hadithi nzima isingekuwapo, hana jina wala sentensi moja ya kukumbukwa. Holdaway ndiye mtu mweusi pekee mwenye nafasi ya maana, na nafasi yake ni fupi. Mara mbili, basi. Sikumshauri mtu mara ya nne.

Nilimweleza mwenzangu wa chumbani habari za Marvin nilipokuwa naandika kazi ile. Sikumwomba aitazame. Yeye ameshachagua "isitazamwe kabisa", na kwa masikio yale anayoyajua yeye sina hoja ya kumpa. Alisikiliza, kisha akauliza kama yule askari alipona. Nikamwambia hapana. Orange aliwaambia alivyomkuta Blonde akimtesa huyu askari; Eddie akauliza, askari huyu? Akamfyatulia risasi palepale, kitini.

"Na wenzake walikuwa wapi?"

Nikamwambia walikuwa karibu, mtaa mmoja tu kutoka pale ghalani, wameamriwa wasiingie mpaka Joe Cabot afike.

"Kwa hiyo alinyamaza bure."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka kwamba hata Joe Cabot hufa kabla hawajaingia.