Wabishi wa Lenzi wa Kanyenye

Oktoba 1860 kamera ilitoka pwani kuelekea Tabora, na haikufika. Ilikuwa katika msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliofuata njia ya wafanyabiashara kutoka Bagamoyo kwenda Kazeh, jina la Tabora katika vitabu vya wasafiri wa wakati ule. Kazi ya picha ilikuwa ya Grant. Alikuwa ameshapiga picha Unguja, na alijua kinachotakiwa: kioo kipakwe dawa, kichovywe katika maji ya nitrati ya fedha, kitiwe ndani ya kamera, kipigwe, kisha kisafishwe kabla hakijakauka. Kwa joto la nyikani kukauka ni jambo la dakika chache, na shughuli yote ya dawa ilifanyika ndani ya hema dogo lililozibwa kila upande ili mwanga usipenye. Speke aliandika baadaye kwamba lau angemwacha mwenzake aendelee, joto la hema lile lingemuua upesi. Basi kamera ikarudishwa, na Januari 1861 Grant akaingia Kazeh na penseli na rangi za maji.

Leo mpiga picha wa Kanyenye, hapa Tabora, anatembea na Sony a6000 begani, kamera iliyotoka mwaka 2014, gramu 344 pamoja na betri na kadi, aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Joto halimtishi. Wanaomtisha ni wenzake. Jioni, kazi za harusi na picha za paspoti zikipungua, hukutana chini ya mwembe: wapiga picha wa mtaani wawili watatu, fundi simu, na mwalimu wa sekondari ambaye hapigi picha kwa pesa, na kwa sababu hiyo ndiye mbishi kuliko wote. Mpita njia akisikia “moja nukta nane”, “hamsini dhidi ya themanini na tano”, “sensa ndogo”, atadhani ni watu wazima waliokosa shughuli. Mimi sina kamera ya kujivunia, lakini nakaa nao kila nikipata nafasi, kwa sababu sijaona mahali pengine mjini watu wakitazama kitu kimoja kwa muda mrefu hivyo.

Sheria yao haina huruma. Ukitaka kusema lenzi yako ni bora, lete picha mbili: mtu yuleyule, mahali palepale, saa ileile, tundu la mwanga lilelile, lenzi tu ndiyo ibadilike. Ukileta picha yako ya saa kumi na mbili jioni uipambanishe na ya mwenzako ya saa nane mchana, hakuna atakayekujibu. Wataendelea kunywa kahawa mpaka uelewe mwenyewe.

Na saa, kwa Tabora, si jambo dogo. Mji uko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba, kama mwanzoni mwa Machi, jua la mchana linasimama utosini kabisa. Nyusi zinayafunika macho kwa kivuli, pua inaangusha kivuli chake mdomoni, na hata mtu mwenye raha anatoka na sura ya mwenye madeni. Ndiyo maana mwembe ni studio. Lakini kivuli cha mwembe kimetobokatoboka, na vipande vya jua vinadondoka shavuni na begani. Anayeijua kazi humsogeza mtu mpaka ukingoni mwa kivuli, akamgeuza uso kuelekea uwazi, ardhi kavu iliyo mbele imrudishie mwanga kidevuni. Hatua ile moja ina faida kuliko lenzi yoyote iliyoko mezani, na wote wanalijua hilo, ila wakishasogea hatua hiyo ubishi wa lenzi unaanza upya.

Ubishi wa bodi ya kamera, mimi naona, umekwisha. Kamera ya kidijitali ya zamani ina kioo ndani yake, kimeinama nyuzi 45, kinachoupeleka mwanga juu hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka na shata inafunguka. Unachokiona kabla ya hapo ni dunia, siyo picha. Kamera za mirolesi zimekitoa kioo hicho. Tangu Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, na hasa baada ya Nikon na Canon kuja na Z 7 na EOS R mwaka 2018, sensa yenyewe ndiyo inayotazama muda wote, na kidirisha kinakuonyesha picha kabla hujaipiga. Kama itatoka ya giza, unaiona ya giza.

Wengi husifu mirolesi kwa wepesi wake, au kwa jinsi inavyolifuata jicho la mtu anayetembea. Hizo ni sifa za pembeni. Kwa mpiga picha wa Kanyenye, mtihani wenyewe ni kanzu. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe na uso wake ni mweusi. Kipima mwanga hakijui kama kuna harusi. Kinachukua kila kilicho mbele yake na kukivutia kwenye kijivu cha katikati. Kanzu ikijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga na uso unazama. Ukiongeza mwanga ili uso utoke, kanzu inaungua, darizi ya kifuani inafutika. Enzi za filamu za rangi mambo yalikuwa magumu zaidi, maana kwa miongo mingi maabara zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi za Shirley, na ngozi zetu zikabaki kuwa suala la bahati na ujanja wa fundi.

Nilimtazama mmoja wao akifanya kazi hiyo barazani, kabla msafara wa bwana harusi haujaondoka. Jicho liko kwenye kidirisha, kidole gumba kwenye kigurudumu cha nyuma. Hapigi. Kamera huchora milia myembamba inayotembea mahali ambapo mwanga unakaribia kuungua, na milia hiyo ilikuwa imetanda bega zima la kanzu. Akashusha kigurudumu kwa mlio mmoja; milia ikarudi nyuma ikabaki kwenye mshono tu. Uso sasa ukawa na giza kidogo. Hakuongeza mwanga wa kamera. Alimwambia bwana harusi, “Kaka, geuka huku kwa mjomba,” na ukuta uliopakwa chokaa ukauosha uso upande mmoja. Darizi inasomeka uzi kwa uzi, shavu linang'aa bila mafuta. Akapiga mara mbili, akashusha kamera. Aliyekuwa karibu angedhani amechelewa tu.

Kuna mzee aliyeanza na filamu za picha 36 ambaye hahitaji milia. Hupewa shikamoo na kiti, na hasemi sana. Yeye hurekebisha mwanga kabla kamera haijafika usoni, kwa kutazama kanzu na kivuli chini. Vijana walipomwonyesha kidirisha akatazama kwa heshima, kisha akasema, “Mwanangu, hii mimi nilikuwa naijua kabla sijafungua mkoba.” Hakuwa anajigamba. Lakini ujuzi wake ulimgharimu filamu nyingi alizozilipia mwenyewe, na kijana anayeona kosa na dawa yake kwa wakati mmoja anafika huko mapema zaidi, mradi asiache kuangalia.

Mzozo wa sasa ni wa Helios. Kamera ya kioo inahitaji nafasi ya kioo hicho kunyanyuka, kwa hiyo lenzi hukaa mbali na sensa: milimita 44 kwa Canon EF, na 45 na ushei kwa lenzi za kufunga kwa skrubu, kama zile za Zenit za Kirusi. Mirolesi ya Sony inahitaji milimita 18 tu. Tofauti ya hapo inajazwa na adapta, pete ya chuma isiyo na kioo wala umeme, na lenzi iliyolala sandukuni inapata kazi tena. Hii ya Kanyenye ilitoka kwenye Zenit ya mzee aliyesoma Urusi: Helios 44-2, milimita 58, f/2, ya kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, iliyochorwa kwa kufuata Biotar ya Carl Zeiss. Fokasi ni ya mkono, na kamera husaidia kwa kuzipaka rangi kingo zilizokaa sawa.

Ikapambanishwa na Sony ya milimita 50, f/1.8, iliyofungwa kidogo hadi f/2 ili zilingane. Mwalimu akasimamia. Akadai mpiga picha arudi nyuma kidogo kwa Helios, uso uwe na ukubwa uleule, na binti aliyeketi asisogeze hata mtandio. Picha ya Sony ilitoka na kope zinazohesabika, na nyuma yake mianya ya jua kati ya majani ikawa miduara mitulivu. Ya Helios ilikuwa kali jichoni, lakini kadiri ulivyosogea kwenye kona, miduara ile ilibanwa ikawa na umbo la jicho, kila mmoja umejipanga kuzunguka kati ya picha, mpaka mti mzima ukaonekana unageuka. Sababu haina muujiza: mwanga unaoingia kwa mshazari unakatwa na mwili wa lenzi. Funga tundu hadi f/4 na mzunguko unakwisha. Vijana wanaupenda ukiwa wazi. Mwalimu alisema mwembe una kizunguzungu. Niko na mwalimu. Picha ya binti inayonifanya nitazame majani imenipoteza njia. Hata hivyo Helios hubeba rangi ya jioni kwa namna ambayo hata yeye alinyamaza kidogo alipoiona.

Jumapili nyingine huenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Mlango wa nakshi ni kipimo kizuri: ukiikuza kona ya picha, ama mchongo wa seremala unasomeka ama hausomeki. Boma la Mjerumani hawaligusi. Linatumiwa na jeshi, na hakuna anayetamani kumweleza askari maana ya f/2.

Ndoa ikifungwa msikitini, mwenye bodi mpya hutumia shata ya kielektroniki, isiyo na mlio hata kidogo wakati wa hotuba. Lakini umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa za bei nafuu za LED humemeta mara 100, na shata ya aina hiyo husoma sensa mstari baada ya mstari. Picha hutoka na mapande ya giza yaliyolala juu ya mashekhe. Dawa ni kuweka 1/100 au 1/50, au kurudi kwenye shata ya chuma na kuvumilia mlio. Vumbi la kiangazi lina adabu zake pia: sensa ya mirolesi iko karibu na mdomo wa kamera, kwa hiyo lenzi hubadilishwa kamera ikitazama chini, na kamwe si wakati basi linapita. Betri, nne kwa harusi moja.

Picha hutumiana kwa simu, na kosa la mgeni hujulikana mara moja. “Tuma kama dokyumenti!” maana WhatsApp hubana picha, na ukishaibana lenzi zote ni ndugu. Zinazobishaniwa sana huchapishwa kwa karatasi kubwa, gharama wanachangiana, kwa kuwa skrini ya simu huficha mengi.

Kwa kuchangiana vilevile wamenunua milimita 85, f/1.8, ambayo hakuna mmoja wao angeimudu peke yake. Ina daftari lake: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, hali ya kioo cha mbele. Wiki hii iko Urambo kwenye harusi, na aliyeichukua ameambiwa Ijumaa iwe imerudi, kwani Jumamosi kuna kichen pati Kiloleni. Mwalimu ameomba aachiwe kwa saa moja hapo katikati. Anataka kuthibitisha kwamba zinazobadilisha pua ya mtu ni hatua za mpiga picha, wala si lenzi, na fundi simu ameshasema hakubali mpaka aone picha mbili.